Uso wa Kiongozi Katika Sarafu

Katika mkutano mmoja wa tawi letu, ambao ajenda yake ilikuwa fupi kuliko zote za mwaka, palizuka mjadala ambao hatukuutarajia na ambao mpaka leo haujatutoka vichwani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: zawadi ya mwanafunzi atakayeongoza katika somo la Kiswahili. Mwenzetu mmoja, mkusanyaji wa sarafu wa miaka mingi, alijitolea kutuuzia kwa bei nafuu sarafu ya Tanzania ya shilingi 20, iliyotolewa mwaka 1981 kuadhimisha miaka 20 ya uhuru, yenye uso wa Mwalimu Julius Nyerere. Ilikuwa ndani ya kikasha cha plastiki angavu, inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Alituomba tuitazame bila kuitoa.

Mzee mmoja wa tawi, mwalimu mstaafu, akatia mkono mfukoni akatoa shilingi moja ya Tanzania ya mwaka 1966. Nayo ina uso uleule, ila umelainika kwa kushikwashikwa, na upande wa pili mkono unaoinua Mwenge umebaki kama kivuli. Akaiweka mezani kando ya kile kikasha, akauliza: "Ndugu zangu, kati ya hizi mbili, ni ipi iliyomheshimu Mwalimu?"

Mweka hazina alicheka, akataka twende kwenye ajenda inayofuata. Hatukwenda. Swali la mzee ndilo tunalokusudia kulifikiri hapa pamoja na wasomaji wetu, kwa kuwa tunaona ndani yake limo swali kubwa zaidi: heshima tunayompa kiongozi hukaa wapi, na nani aipime?

Hatuna budi kwanza kukubaliana juu ya neno "thamani", maana hutumika ovyo. Sarafu ya ukumbusho hubeba thamani tatu kwa wakati mmoja, nazo aghalabu hazipatani. Iko ile iliyoandikwa juu yake, ambayo serikali imeahidi kuilipa. Iko ya madini yake. Na iko ile ya soko la wakusanyaji, ambayo hutegemea uchache wa sarafu, hali yake, na tamaa ya anayeitafuta. Kuhusu ile ya kwanza hatuhitaji maneno mengi: shilingi 20 za mwaka 1981 zilikuwa fedha ya kuheshimika sokoni, leo hazinunui hata kiberiti. Ya pili nayo ni ndogo, kwani sarafu ile ni mchanganyiko wa shaba na nikeli tu. Hapa walimu wa lugha tuna jambo la kuwaonyesha wanafunzi wetu. Kiswahili hutumia neno moja, "fedha", kwa madini yale meupe na kwa mali ya kununulia, kana kwamba lugha bado inakumbuka zama ambazo mtu hakuhitaji kuamini ahadi ya serikali yoyote, bali alipima uzito mkononi.

Thamani ya tatu ndiyo yenye vituko. Mkusanyaji hushika sarafu kwa ukingo, kwa ncha za vidole, kwa sababu jasho huacha alama. Haisafishi kamwe. Ule utando wa rangi uletwao na miaka ni sehemu ya ushahidi wake, na mkwaruzo mmoja shavuni mwa kiongozi waweza kupunguza bei mara kadhaa. Mmoja wetu, alipokuwa kijana wa sekondari, alirithi senti za zamani kutoka kwa babu yake, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikameremeta kama sufuria za harusi. Mnunuzi alipoziona alizirudisha mezani bila kusema neno. Kijana alidhani anaziheshimu kwa kuzisafisha, kumbe amezivua umri wao.

Basi tazameni ajabu ya kanuni hii. Sarafu iliyofanya kazi yake yote, iliyolipa nauli, ikanunua chumvi, ikatolewa sadaka, ikafungwa katika pindo la khanga, hiyo haina bei. Ile ambayo haijanunua kitu chochote tangu ilipozaliwa ndiyo ya kutafutwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakusanyaji wameuchukua usemi huo neno kwa neno: sarafu iliyotembea imeharibika. Wala hatusemi haya kwa kuwadhihaki. Bila watu wanaofunga sarafu katika vikasha, wajukuu wetu wangerithi vipande laini visivyosomeka, na nyuso zote zingefanana.

Lakini tumrudie mzee wetu. Kabla hatujauliza ni ipi iliyomheshimu kiongozi, yafaa tuulize kama uso katika sarafu ni heshima hata kidogo. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka 1780. Riale yake ya fedha iliendelea kupigwa chapa muda mrefu baada ya kifo chake, daima na tarehe ileile ya 1780, ikasafiri hata ikafika Unguja na pwani yetu. Yamkini wengi walioipokea hawakujua mama yule ni nani, wala hawakumtakia heri wala shari. Walijua kwamba kipande chenye sura ile kina fedha ya kutosha. Uso ulikuwa muhuri wa uzito. Kisha wakaja wafalme wa Uingereza katika shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, na hapo uso haukuwa tena muhuri wa uzito peke yake, bali ulikuwa pia tangazo: nchi hii ina mwenyewe, naye si wewe.

Katika ukoo huo wa wafalme yuko mmoja ambaye hutupendeza kwa upekee wake. Mfalme Edward wa Nane alitawala mwaka 1936 kwa chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu kabla hajavishwa taji. Hata hivyo senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina lake. Zina jina bila uso, kwa sababu zilikuwa senti zenye tundu katikati, na mahali ambapo kichwa cha mfalme kingekaa palikuwa pamepitishwa uzi. Hatumjui mtawala mwingine katika historia ya eneo letu ambaye heshima yake iliandikwa kwa ukweli namna hiyo.

Mwaka 1966, nchi zetu tatu zilipoachana na sarafu ya pamoja, kila moja ilijibu swali la uso kwa namna yake. Kenya ilimweka Mzee Jomo Kenyatta. Tanzania ilimweka Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili ikaweka samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, na Mwenge kwenye shilingi. Uganda yetu haikuweka mtu. Ilichagua korongo taji kwa shilingi, na pembe za ndovu kwa senti ndogo. Miaka mitatu baadaye ilitoa sarafu za ukumbusho za fedha na dhahabu, lakini zilikuwa za kumwadhimisha mgeni, Papa Paulo wa Sita, aliyeizuru nchi mwaka 1969. Wengine hutuambia kwamba hilo lilikuwa jibu la busara. Sisi hatuna hakika. Korongo hakutukinga na lolote: hata yeye alishuhudia mwaka 1987 sifuri mbili zikifutwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Anayedhani kwamba nchi huponywa kwa kuchagua mnyama badala ya mtu, na afikiri tena.

Turudi kwenye shilingi ya mzee, kwa kuwa ina maneno. Kando ya uso wa Mwalimu imeandikwa "Rais wa Kwanza". Tumewahi kuyaandika maneno hayo ubaoni na kuwauliza wanafunzi yana habari gani. Wengi hujibu kwamba yanasema aliyetangulia. Ni kweli, lakini si yote. "Kwanza" ni neno la kuhesabu, na hesabu ya mmoja haihitaji neno la mpangilio. Mtoto wa pekee haitwi kifungua mimba kwa uhakika mpaka atakapopata mdogo wake. Aliyeandika "Rais wa Kwanza" mwaka 1966, wakati hakuna wa pili na hakuna aliyejua wa pili atatoka wapi, alikwisha kukiri, kwa kupenda au kwa kutojua, kwamba kiti kile kitakaliwa na mtu mwingine. Ilimchukua Mwalimu miaka 19 kulitimiza neno lililoandikwa shavuni pake. Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari, na mwaka 1987 uso wa Rais Ali Hassan Mwinyi ukaonekana katika sarafu. Hatufahamu sifa nzuri zaidi ambayo sarafu imeweza kumpa kiongozi kuliko hiyo ya kumwambia, tangu mwanzo, kwamba yeye ni mmoja katika orodha.

Sarafu za Kenya nazo ziliongezewa baadaye maandishi ya kumtaja Kenyatta kuwa Rais wa kwanza. Yaliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa neno moja: Mzee. Neno hilo liliachwa kama lilivyo, na walimu wa tafsiri wanaelewa sababu bila sisi kuieleza.

Hata hivyo Kenya ilikuwa imekwisha kwenda mbali zaidi katika kuadhimisha. Mwaka uleule wa 1966 zilitolewa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa siku ya kuzaliwa ya Rais, kutimiza miaka 75. Tunajua kwamba Mzee mwenyewe hakuijua siku aliyozaliwa, kama ilivyokuwa kwa wazee wengi wa rika lake. Hivyo dhahabu ilipigwa kwa heshima ya makadirio. Si hilo linalotusumbua. Linalotusumbua ni kwamba shilingi 500 za dhahabu hazikukusudiwa kununua kitu. Mwananchi wa Kiambu au Kitui aliyepigania uhuru asingeweza kuishika. Zilitengenezwa ziwe nje ya mikono ya watu tangu siku ya kwanza, ilhali senti tano za shaba zenye uso uleule zilikuwa zikizunguka katika kila duka la kijiji. Ukimwuliza mkusanyaji, atakuambia ile ya dhahabu ndiyo ya heshima. Sisi twamwona Mzee zaidi katika ile ya shaba, iliyokuwa ikirudi nyumbani kila jioni na mama muuza mboga.

Tumefika mahali pagumu, nasi tungependa kukaa hapo kidogo. Yapo majirani zetu ambao sarafu zao za ukumbusho zikipangwa mezani kwa tarehe husomeka kama msiba. Burundi ilipiga dhahabu yenye uso wa Mwami Mwambutsa wa Nne kwa uhuru wa mwaka 1962, na tena mwaka 1965 kwa miaka 50 ya utawala wake. Mwaka 1966 aliondolewa na mwanawe, na kabla mwaka haujaisha mwana naye alipinduliwa na ufalme ukafutwa. Mwaka 1967 ilikuwapo tayari dhahabu nyingine, ya Rais Michel Micombero. Nchini Kongo, dhahabu ya miaka mitano ya uhuru, yenye uso wa Rais Joseph Kasavubu, ina tarehe ya 1965, na Novemba ya mwaka huohuo Mobutu alimpindua. Mwaka 1967 uso wa Mobutu mwenyewe ulikuwa katika makuta tano. Rwanda ilimweka Rais Grégoire Kayibanda katika faranga kumi za mwaka 1964. Alipinduliwa mwaka 1973.

Katika soko la wakusanyaji sarafu hizi zina bei nzuri. Na hapa ndipo dhamiri huanza kuuliza. Sarafu huwa ghali inapokuwa chache. Huwa chache, mara nyingi, kwa sababu kiongozi alitawala muda mfupi, au kwa sababu aliyemfuata aliamuru zikusanywe na kuyeyushwa. Kwa hiyo aliyeanguka vibaya aweza kuwa ghali kuliko aliyetawala vema na sarafu zake zikajaa kila mfuko. Shilingi ya Nyerere ya mwaka 1966 huipata kwa bei ya ndizi. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili atahitimisha, kwa mantiki isiyo na kosa, kwamba wanunuzi wanawaenzi walioanguka kuliko waliojenga. Sharti aambiwe wazi kwamba bei hupima uhaba, wala haijui kupima kitu kingine.

Lakini jibu hilo halitoshi. Baadhi ya wenzetu husema: kwa nini basi tuzihifadhi nyuso za madhalimu? Ziyeyushwe, yaishe. Wengine, nasi tulikuwa miongoni mwao, husema kwamba mkusanyaji anayeweka wale awapendao tu hakusanyi historia, anapamba sebule. Tulikuwa tukiyasema haya kwa sauti kubwa mpaka siku tuliyoandaa shuleni maonyesho ya fedha za Uganda. Tulikuwa na senti zenye tundu, shilingi za korongo, sarafu ya shilingi 1000 ya miaka 50 ya uhuru ya mwaka 2012, na noti za mwaka 1973 zenye uso wa Idi Amin. Tulizitundika zote ukutani kwa mpangilio wa miaka. Mwalimu mwenzetu, ambaye baba yake alichukuliwa nyumbani katika miaka ya utawala ule na hakurudi, aliingia, akatazama, akatoka. Baadaye alituita kando. "Mimi sina ugomvi na historia," alisema. "Nami nitawafundisha watoto habari zake. Lakini pale ukutani huyo mtu ananitazama."

Hakutaka ichomwe. Hakutaka hata ifichwe. Alichokataa ni ile hadhi ya kutundikwa, kwa kuwa uso katika fedha, hata fedha iliyokufa, bado umekaa kwa namna ya kutazamwa kutoka chini. Tuliishusha noti ile, tukaitia katika bahasha, tukaandika juu ya bahasha mwaka na jina, tukaiweka mezani. Aliyetaka kuiona aliifungua mwenyewe. Baadhi ya wanafunzi waliifungua, wengine hawakuigusa. Mkusanyaji wetu hakuridhika. Alisema tumeivunja safu ya ushahidi. Hatuthubutu kusema kwamba amekosea kabisa. Twasema tu kwamba tangu siku ile tumejua tofauti kati ya kutunza na kutukuza, na kwamba tofauti hiyo haimo ndani ya noti bali katika mahali inapowekwa.

Watu wa Kongo walituonyesha jambo jingine, la nguvu zaidi kuliko mjadala wowote wa tawi. Mwanzoni mwa mwaka 1993, Mobutu alipowalipa askari kwa noti mpya za zaire milioni tano, Étienne Tshisekedi alizitangaza kuwa si halali, na wafanyabiashara wakazikataa. Ghasia na umwagaji damu vilifuata. Mwishoni mwa mwaka huo ilipotolewa zaire mpya, jimbo la Kasai liliikataa pia na kuendelea kutumia noti za zamani. Zingatieni: noti za zamani nazo zilikuwa na uso wa Mobutu. Watu hawakuzikubali zile kwa kumpenda, wala hawakuzikataa mpya kwa kuichukia picha yake tu. Waliikataa ahadi. Kiongozi aliyezoea kuuona uso wake kila mahali alifundishwa siku ile kwamba uso hukopeshwa nguvu na mikono inayoupokea, na mikono ikikunjwa, hubaki karatasi.

Kenya sasa imelimaliza swali hili kwa sheria. Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, inakataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya za twiga, kifaru, simba na ndovu. Twaelewa sababu: wananchi walichoka kuona kila rais akibadilisha mifuko yao. Ila twakiri kwamba tunasikitika kidogo. Twiga hawezi kumsaliti mtu, kwa hiyo hawezi pia kuaminiwa. Tanzania imeendelea na nyuso, Nyerere kwenye shilingi 100 na Sheikh Abeid Amani Karume kwenye shilingi 200, na mtoto anayetumwa dukani hukutana nao kabla hajawasoma kitabuni. Kwa mwalimu, hilo si jambo dogo. Hatutaki kuamua hapa ni nchi ipi iliyotenda vema zaidi. Huenda kila moja ilijijua.

Katika mkutano wetu, hoja ya zawadi ilipigiwa kura hatimaye. Iliamuliwa tununue kamusi. Mkusanyaji alikirudisha kikasha chake mkobani kwa utulivu, akasema kwamba hakuna aliyetukanwa, na kwamba siku moja tutamshukuru kwa kuitunza. Twaamini hivyo.

Ile shilingi ya mwaka 1966 mzee aliiazima darasa la pili ili wanafunzi waione. Siku ya kwanza ilipita kutoka dawati hadi dawati, na kila mmoja aliisugua kwa kidole gumba kabla ya kumpa mwenzake. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliyasoma maneno kwa ncha ya kidole, amefumba macho, herufi baada ya herufi, mpaka akalifikia neno "Kwanza". Akauliza wa pili alikuwa nani, na mpaka sasa walikuwa wangapi. Tuliwaandika ubaoni. Shilingi yenyewe haijarudi kwa mzee. Kila tukiulizana, iko kwa mwanafunzi fulani, naye husema kesho. Mzee hajaidai.